Simu kwenye redio ya gari la zamani: dalili, chanzo na dawa yake

Mwenye Peugeot 504 au Mercedes W123 akisema anataka kusikiliza nyimbo za simu yake garini, ushauri wa kwanza atakaopewa hapa Nairobi ni kung'oa redio na kutia skrini. Mimi siukubali. Redio iliyotoka kiwandani na gari, iwe Becker, Blaupunkt, Philips au Clarion, ikiwa bado inawaka na spika inatoa sauti, inaweza kucheza muziki wa simu bila dashibodi kukatwa hata kidogo. Na kwa mtu anayetamani siku moja kulipeleka gari lake Concours, yale mashindano ya unadhifu wa magari pale Ngong Racecourse, tundu la dashibodi likishapanuliwa kwa msumeno ndiyo basi tena.

Kinachowakatisha watu tamaa si kazi yenyewe, ni kelele zinazofuata: mluzi, mtatariko, mngurumo, sauti iliyopasuka. Hapo lawama huangukia redio, kwamba imezeeka, na mara nyingi redio haina kosa. Imekaa miaka mingi na waya mmoja wa umeme, ethi moja (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari) na eriali moja. Siku ulipoongeza chaja, moduli ya Bluetooth (kidude cha kupokea muziki wa simu bila waya) na waya wa sauti, umeme ulipata njia mpya za kurudi kwenye betri, na kelele zinapita humo. Anza kutafuta katika kile ulichoongeza. Tumia masikio, kisha mita ya umeme, na bisibisi iwe ya mwisho.

Maswali ya kuuliza kabla ya kufungua chochote

Gari likiwa limesimama, washa injini, weka redio kwenye njia ya simu bila kucheza wimbo wowote, usikilize. Kanyaga mafuta polepole: je, kelele inapanda na injini? Shusha volyumu ya redio hadi mwisho: je, kelele inashuka nayo au inabaki vile vile? Chomoa chaja ya simu: je, inaondoka?

Swali la volyumu ndilo watu hulipita haraka, na ndilo linalookoa muda kuliko yote. Kelele inayoshuka pamoja na volyumu imeingia kabla ya volyumu, yaani kwenye simu, moduli, waya wa sauti au eriali. Kelele isiyojali volyumu imeingia baada yake: kwenye umeme unaolisha redio, kwenye ethi ya redio yenyewe, au kwenye nyaya za spika. Ukishajua hilo, huna haja tena ya kufungua nusu ya gari.

Mluzi unaopanda na kushuka na injini

Hili ndilo lalamiko ninaloletewa zaidi. Altaneta huzalisha umeme wa kwenda na kurudi (AC), diodi zake huunyoosha uwe wa njia moja (DC), lakini haunyooki kabisa. Hubaki mawimbi madogo ambayo kasi yake hufuata mzunguko wa injini. Mawimbi hayo yapo katika kila gari na kwa kawaida hayasikiki. Husikika pale sauti ya simu inapopata njia mbili za ethi: moja kupitia waya wa sauti hadi kwenye kasha la redio, nyingine kupitia waya wa chaja hadi kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Ndani ya simu ethi hizo mbili ni kitu kimoja. Bodi ya gari la zamani, yenye kutu na rangi juu ya rangi, haina volti sawa kila mahali, na tofauti ya milivolti chache inatosha kuleta mluzi, kwa kuwa muziki wenyewe unaotoka kwenye simu haufiki hata volti moja au mbili.

Mzee mmoja wa Ngara aliniletea 504 ya petroli baada ya kubadilisha altaneta kwa sababu ya mluzi huu. "Kijana wangu, hii ni ya pili na bado inalia," akaniambia. Nikamjibu, "Mzee, hebu tuchomoe chaja kwanza." Akachomoa mwenyewe, mguu ukiwa bado kwenye mafuta. Mluzi ukakatika pale pale na wimbo ukaendelea. Tundu la kiberiti lilikuwa limefungwa ethi kwenye skrubu ya dashibodi iliyojaa kutu, ilhali redio ilikuwa na ethi yake safi nyuma. Tulitoa waya mpya kutoka kwenye tundu hadi kwenye kasha la redio, tukakwangua rangi mahali pa kufunga mpaka chuma kikang'aa, na mluzi ukabaki kidogo sana, wa kusikika tu ukiinama karibu na spika.

Huo ndio mpangilio wa kufuata. Kwanza thibitisha kwa kuchomoa chaja, au chaji simu kwa pawabenki. Pili, ethi ya chaja na ethi ya redio zifungwe mahali pamoja, na waya wa umeme wa chaja utoke kwenye fyuzi ile ile ya redio ikiwa fyuzi inahimili. Tatu, kama mluzi haujaisha, ndipo unanunua kile kiboksi kidogo cha kutenganisha ethi kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya sauti Luthuli Avenue. Ndani yake mna transfoma mbili ndogo: sauti inapita kwa sumaku, waya na waya havigusani, na mzunguko wa ethi unakatika. Vya bei ya chini sana hupunguza besi, hivyo usikiweke kama hukihitaji. Wengi huanza na kiboksi na kuacha ethi mbovu ilivyo, halafu mwezi mmoja baadaye taa za dashibodi zinafifia na hakuna anayekumbuka skrubu ile.

Ukitumia moduli ya Bluetooth badala ya waya wa simu, kelele huwa ya aina nyingine: mchakarisho mwembamba, au tik-tik inayosikika moduli inapotafuta simu, hata injini ikiwa imezimwa. Chanzo ni hicho hicho. Moduli inapata umeme na inatoa sauti kwa ethi moja, na kelele zake za kidijitali zinaingia kwenye waya wa sauti. Kile kibao cha saketi cha kawaida cha kushusha volti 12 hadi 5 hakisaidii, kwa sababu hasi ya kuingia na hasi ya kutoka zimeungana. Tafuta kigeuzi chenye pande mbili zilizotenganishwa. Kimoja kinachojulikana na mafundi ni B0505S, kidude cheusi chenye miguu minne kinachopokea volti 5 na kutoa volti 5 nyingine zisizogusana na za mwanzo. Kiweke baada ya kibao cha kushusha volti, na ethi ya moduli iende kwenye redio kupitia waya wa sauti peke yake. Uwezo wake ni wati 1, yaani kama milliampea 200. Unatosha moduli, hautoshi kuchaji simu, kwa hiyo usijaribu kukilazimisha.

Mluzi ukibaki hata simu na chaja zikiwa hazipo kabisa garini, hapo sasa liangalie gari. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye kasha la redio, injini ikiwa inanguruma na taa kubwa zikiwaka. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, ethi ya redio au ule ukanda mnene wa kati ya injini na bodi ni mbovu. Kisha pima betri kwenye volti za AC. Zaidi ya nusu volti ni dalili kwamba diodi ya altaneta imekufa. Tahadhari moja: mita nyingi za bei nafuu zikiwekwa AC kwenye betri huonyesha zaidi ya volti 20. Huo si ugonjwa wa altaneta, ni udhaifu wa mita. Geuza ncha zake. Kama inaruka kutoka namba kubwa hadi sifuri, usiiamini kwa kipimo hiki.

Mtatariko wa taka-taka-taka

Mluzi ni wa altaneta, mtatariko ni wa plagi. Kama huna uhakika ni upi, gari likiwa limesimama na gia iko huru, pandisha injini kisha zima swichi na kurudisha ufunguo mahali pa redio. Kelele ya plagi inakatika ghafla. Ya altaneta inashuka polepole pamoja na injini inayojizungusha kabla ya kusimama. Usifanye jaribio hili ukiendesha, usukani unaweza kujifunga.

Cheche za plagi hurusha mawimbi ya redio, na eriali huyapokea. Chomoa eriali nyuma ya redio. Mtatariko ukiisha, ndiyo njia yake. Angalia namba za plagi: NGK yenye herufi R katikati, mfano BPR6ES, ina rezista ndani ya kuzuia kelele, na BP6ES haina. Nyaya za plagi za shaba tupu zilizotiwa na fundi wa haraka nazo huchangia. Kondensa ya pointi, yaani kapasita inayokaa na swichi ya kukata umeme wa cheche, ikichoka, utaona pointi zinaungua na redio inatatarika kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukienda Kirinyaga Road kununua kondensa, nunua na pointi.

Gari la dizeli halina plagi za cheche. Mwenye Mercedes 240D anayesikia mtatariko atafute kwenye mota ya waipa, ya feni au kwenye regyuleta ya altaneta.

Kuna kelele nyingine inayodhaniwa kuwa ya gari: ile drr-drr-drr inayokuja sekunde chache kabla simu haijalia au ujumbe wa M-Pesa haujaingia. Hiyo ni simu yenyewe ikizungumza na mnara kwa 2G. Isogeze mbali na redio, tumia waya wa sauti wenye wavu wa kinga, na ukifungua redio tia kapasita ya pikofaradi 100 kutoka kwenye kiingilio hadi ethi. Kuiweka simu kwenye 4G hupunguza pia.

Muziki upo, mwimbaji hayupo

Dalili hii huwashangaza watu, na jibu lake ni moja. Unasikia ngoma na magitaa ya pembeni, lakini sauti ya mwimbaji iko mbali kama iliyozama. Redio nyingi za zamani ni za mono: kiingilio kimoja na ethi. Fundi asiyeangalia hufunga waya wa kushoto wa simu kwenye kiingilio na wa kulia kwenye ethi, na kuiacha ethi yenyewe ikining'inia. Redio basi inacheza tofauti kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji hurekodiwa katikati, sawa pande zote mbili, hivyo anajifuta.

Dawa ni kuunganisha kushoto na kulia kwa rezista mbili, kila moja kati ya ohm 470 na kilo-ohm 1, zikutane mahali pamoja, na hapo ndipo sauti inatoka kwenda redioni. Usizikutanishe moja kwa moja bila rezista. Vikuza sauti viwili vya simu vitasukumana. Kama nyaya zimefungwa vizuri na bado mwimbaji hayupo, tazama jeki yenyewe. Jeki ya simu ina pete nne, moja ikiwa ya kipaza sauti, na ikitiwa kwenye soketi ya zamani ya pete tatu isiyokaa sawasawa ethi hupotea. Baadhi ya moduli za Bluetooth nazo hutoa sauti kwa jozi ya chanya na hasi kwa kila upande. Hizo usizifunge kwenye ethi ya redio, pitisha kwenye transfoma.

Sauti inapasuka, au ni ndogo mno

Hapa tunafungua redio, na mahali pa kuingizia sauti ndipo penye maamuzi yote. Mahali sahihi ni kwenye mguu wa juu wa volyumu. Kwenye redio nyingi za transista volyumu ina miguu mitatu: mmoja unakwenda ethi, wa katikati unakwenda kwenye kikuza sauti, na wa tatu unapokea sauti kutoka sehemu ya redio. Ukikuta mguu wa nne, huo ni wa kuongeza besi sauti ikiwa chini, uache. Kuutambua wa juu, zima redio na pima: kati ya miguu ya pembeni ohm hazibadiliki ukizungusha, ule wa katikati hubadilika. Wa pembeni usio ethi ndio unaoutaka. Ukiingiza hapo, kitasa cha redio kinaendelea kudhibiti sauti kama zamani, na hiyo ndiyo raha ya kazi hii: unazungusha kitasa kile kile cha mwaka 1978, kwa mguso ule ule.

Redio ya valvu, ile ya kabla ya transista, ni habari nyingine. Nyingi za miaka ya 1950 zina volti mia mbili na zaidi ndani, hata gari likiwa la volti 12 au 6. Usiiguse ikiwa imewashwa. Mpelekee fundi aliyezizoea.

Sehemu ya redio hutoa makumi au mamia ya milivolti kwenye mguu huo, wakati simu iliyojazwa sauti inaweza kutoa mara tano au zaidi ya hapo. Ndiyo maana sauti inapasuka hata volyumu ya redio ikiwa chini. Jaribu kushusha simu hadi nusu; ikisafika, tia kigawanyi: rezista ya kilo-ohm 10 kwenye njia ya sauti, na nyingine ya kilo-ohm 2.2 kutoka upande wa redio hadi ethi. Lengo ni sauti ya simu na sauti ya redio zilingane, ili ukihama kutoka moja hadi nyingine usishtuke.

Usisahau kapasita kwenye njia ya sauti kati ya simu na mguu wa volyumu: hupitisha sauti na kuzuia DC. Kwenye mguu ule huwa na volti za DC kidogo, na zikiingia kwenye simu, au simu ikizivuta, transista ya kwanza hupoteza mizani yake na sauti hukwama upande mmoja: inapasuka, inakuwa nyembamba, au inatoka tu ukiongeza volyumu sana. Kapasita ya filamu ya mikrofaradi 1 inatosha. Kwa volyumu ya kilo-ohm 10 besi inapita yote mpaka karibu hezi 16. Ninapenda ya filamu kuliko ya elektroliti kwa sababu haina chanya wala hasi. Redio za mwanzo za transista zilitumia transista za jermanium za aina ya PNP, na polariti ndani yake huwachanganya hata mafundi wazoefu.

Ikiwa sauti ni ndogo na si kwamba imepasuka, sababu zinazojirudia ni mbili. Ya kwanza: sauti imeingizwa kwenye mguu wa katikati, na mguu wa juu bado unavutwa na sehemu ya redio. Ya pili ni spika. Kuna aliyefunga spika mbili za ohm 4 sambamba kwenye redio ya spika moja. Mzigo unakuwa ohm 2, kikuza sauti kinapata joto, na transista za mwisho zinachoka polepole kabla ya kufa. Gusa bati la nyuma la redio baada ya nyimbo chache. Kama huwezi kuacha kidole hapo, rudisha spika moja kwanza kabla ya kulaumu kazi yako. Na usifunge waya wowote wa spika kwenye bodi kabla ya kupima. Redio za miaka ya baadaye hazikutumia bodi kama njia ya spika, na ukiufunga unachoma saketi ya kikuza sauti.

Redio inaongea chini ya muziki

Unacheza wimbo na nyuma yake kuna mnong'ono wa kituo au mvumo wa bendi tupu. Sehemu ya redio haijakatwa. Mchana kwenye masafa ya kati (AM) unaweza kupata sehemu kimya ya kuelekezea mshale, kwa kuwa vituo vingi vya mjini vimehamia FM tangu Capital FM ilipofungua njia mwaka 1996. Usiku masafa ya kati husafiri mbali na kimya hicho kinavunjika.

Suluhisho la kweli ni swichi ndogo inayochagua: waya unaokuja kwenye mguu wa juu wa volyumu unakatwa, upande mmoja wa swichi unapokea redio, mwingine simu, na katikati inarudi kwenye volyumu. Ifiche chini ya dashibodi. Kuna soketi zenye swichi ndani inayokata ukichomeka jeki, na ni nzuri kwa anayetumia waya; kwa Bluetooth hazifai. Nyaya za kwenda kwenye swichi ziwe na wavu wa kinga, na wavu ufungwe ethi upande wa redio peke yake. Ukiufunga pande zote mbili, unarudi kule kwenye mluzi.

Fyuzi inakatika ukiunganisha simu

Simama hapo hapo, usitie fyuzi kubwa zaidi. Magari mengi ya Uingereza ya hadi miaka ya katikati ya 1960, na baadhi hata baada ya hapo, yalitoka kiwandani chanya ya betri ikiwa imefungwa kwenye bodi. Land Rover za mwanzo na Morris Minor ni mfano. Katika gari kama hilo kasha la redio liko upande wa chanya. Ethi ya simu inayochajiwa iko upande wa hasi. Siku unapochomeka waya wa sauti, wavu wake unaunganisha hasi na chanya ya betri kupitia simu yako. Ukibahatika inakatika fyuzi. Usipobahatika unaungua waya, au simu, au vyote.

Fungua boneti uangalie waya mnene unaokwenda kwenye bodi unatoka kwenye alama gani ya betri. Usitegemee kitabu cha gari, kwa sababu magari mengi haya yaligeuzwa kuwa hasi kwenye bodi miaka ya baadaye. Na aliyeligeuza gari huenda hakuigeuza redio. Baadhi ya redio za wakati ule zina plagi au swichi ya kubadilisha polariti ubavuni, na nyingine hazina. Ikague kabla ya kuipa umeme.

Kwa gari linalobaki na chanya kwenye bodi, njia salama ni kuitumia simu kwa betri yake yenyewe, na sauti ipite kwenye kiboksi cha transfoma. Ukitaka moduli ya Bluetooth ya kudumu, kigeuzi kilichotenganishwa si anasa hapa, ni lazima, na kasha la moduli lisiguse chuma. Mwenye Beetle ya kabla ya 1967 ana jambo jingine: nyingi ni za volti 6, na chaja za volti 12 hadi 24 hazitaamka. Pawabenki ndiyo rafiki yake.

Put-put-put na mikwaruzo ya kitasa

Sauti ya kama mtumbwi wa mota, inayokuja ukiongeza volyumu au besi nzito ikipiga, ni ya kapasita za elektroliti zilizokauka ndani ya redio. Hili ndilo kosa ambalo kweli ni la uzee. Kapasita kubwa ya kusafisha umeme ikikauka, kikuza sauti kinavuta umeme, volti zinaanguka, kinanyamaza, zinapanda, kinaanza tena. Badilisha zote za elektroliti kwa wakati mmoja, kwa thamani ile ile ya mikrofaradi na volti zisizopungua za mwanzo. Mikwaruzo unapozungusha kitasa ni vumbi ndani ya volyumu. Dawa ya kusafishia kontakti, tone au mawili, na uzungushe mara nyingi kabla ya kuwasha. Usitumie WD-40 mahali pa dawa hiyo.

Kwa wenye kaseti na wenye FM

Adapta ya kaseti, ile kaseti bandia yenye waya wa simu, ikigeuka upande kila dakika inailaghai mashine vibaya: deki yenye kujigeuza husubiri magurudumu ya mkanda yazunguke, na adapta zisizo na gia ndani hazizungushi kitu. Nunua yenye gia. Sauti nzito isiyo na treble husafika kwa kusugua kichwa cha deki na pamba yenye spiriti ya isopropili. Kama deki haizungushi kabisa, mpira wake umeyeyuka.

Kisambaza sauti cha FM, kile kidude kinachorusha muziki wa simu hewani ili redio iupokee, hakiwezi kufanya kazi kwenye redio ya AM peke yake, hata kikiwa cha bei gani. Kwenye redio ya FM, tatizo la Nairobi ni msongamano: masafa uliyoyapata kimya Industrial Area yanaliwa na kituo ukipanda kuelekea minara ya Limuru. Gari la zamani lililotoka Japani lina redio ya megahezi 76 hadi 90, na visambaza sauti huanza 87.5, kwa hiyo nafasi yako ni kati ya 87.5 na 90 tu. Kama kuna kile kiboksi cha kuhamisha masafa kwenye waya wa eriali, kumbuka kinahamisha na cha kwako. Kikiwa kinashusha megahezi 14, kituo cha 98.4 unakipata 84.4, na kisambaza sauti chako nacho kitafutie hesabu hiyo hiyo.

Betri inakufa gari likiegeshwa

Moduli ilipewa umeme wa moja kwa moja. Milliampea 30 zinaonekana si kitu, lakini kwa mwezi zinafika ampea-saa 21.6, karibu nusu ya betri ya 45, na gari la kutembezwa Jumapili halipati muda wa kuzirudisha. Tia mita kwenye milliampea kati ya hasi ya betri na waya wake, milango ikiwa imefungwa na redio imezimwa. Ikizidi 50 na huna saa ya umeme wala alamu, fuata waya wa moduli.

Mahali pa kuchukua umeme ni baada ya swichi iliyo nyuma ya kitasa cha volyumu, ili redio ikizimwa na moduli izimike. Swichi hiyo ni ndogo na ya zamani, itabeba moduli lakini haitabeba chaja ya ampea 2. Chaja iwe na rilei yake (swichi inayowashwa kwa umeme) na fyuzi yake, koili ya rilei ndiyo iwashwe na redio.